Anayedai hakimiliki kimakosa hapotezi kitu

Septemba 2016 kampuni ya filamu ya Warner Bros iliiomba Google iondoe kwenye matokeo ya utafutaji kurasa kadhaa ilizodai zinakiuka hakimiliki yake. Ndani ya orodha hiyo zilikuwamo kurasa za tovuti ya Warner Bros yenyewe. Orodha iliandaliwa na Vobile, kampuni inayosaka kazi zilizoibwa mtandaoni, na humo zilitajwa pia Amazon na IMDb, ambako filamu hizo zinauzwa na kutangazwa kihalali. Miaka minne kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imetuma orodha ya aina hiyo. Ilisema inalinda programu yake ya Windows 8, ikataka viondolewe viungo vya BBC, CNN, Wikipedia na hata vya mamlaka ya mazingira ya serikali ya Marekani. Waliozipitia kurasa hizo waliona kwamba kilichoziponza ni kutajwa kwa namba 45 tu.

Visa hivi husimuliwa kama vichekesho. Mimi navichukulia kwa uzito, kwa sababu kila nikivisoma najiuliza ni kurasa ngapi za watu wasiojulikana zilizopitiwa na fagio hilohilo bila mtu kupiga kelele. BBC ni kubwa na kosa linaloihusu linaonekana waziwazi. Mwalimu aliyepakia somo lake, mwanablogu anayefuatilia ufisadi, kijana anayechambua filamu kwa simu yake, hao wakifutwa hakuna gazeti litakaloandika.

Hoja yangu ni hii: makosa haya hayatokani hasa na ubovu wa mashine zinazoandaa orodha hizo. Mashine zingekuwa zimerekebishwa siku nyingi kama kukosea kungemgharimu anayezituma. Mfumo umejengwa kwa namna ambayo mdai akikosea hapotezi kitu, jukwaa likiondoa kisicho na hatia halipotezi kitu, na hasara yote humwangukia mtu ambaye hakuvunja sheria yoyote. Ukiongeza teknolojia juu ya msingi huo, utapata makosa yaleyale, ila kwa kasi kubwa zaidi.

Msingi wenyewe uliwekwa Oktoba 1998, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya hakimiliki ya zama za dijitali inayojulikana kwa kifupi chake, DMCA. Ni sheria ya Marekani, lakini kwa kuwa majukwaa makubwa yako huko, inamgusa karibu kila anayepakia kitu mtandaoni popote alipo. Kifungu cha 512 kiliweka mapatano: kampuni inayohifadhi maudhui ya watu haitawajibika kwa wizi unaofanywa na watumiaji wake, ilimradi ikipokea notisi kutoka kwa mwenye haki iondoe kazi hiyo haraka. Haihitajiki amri ya hakimu wala ushahidi kupimwa na mtu asiyeegemea upande wowote.

Siwezi kusema mapatano hayo yalikuwa mabaya. Bila hayo, kampuni changa isingethubutu kuruhusu watu wapakie chochote, na mwenye kazi iliyoibwa angelazimika kukimbilia mahakamani kwa kila nakala. Tatizo ni hesabu ambayo mapatano hayo yaliwaachia wenye majukwaa. Mahakama za Marekani zinaweza kutoza hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyokiukwa kwa makusudi. Jukwaa likipuuza notisi iliyo ya kweli, linajiweka kwenye hatari hiyo. Likitii notisi ya uongo, sheria hiyohiyo inalikinga lisishtakiwe na mtumiaji wake, mradi limeondoa kwa nia njema. Mkurugenzi wa fedha hahitaji kufikiri sana hapo. Ataondoa kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi maswali hayaulizwi kabisa.

Sasa ziweke mezani karatasi mbili ambazo sheria hii inazitambua: notisi ya mdai na notisi ya kupinga ya mtumiaji. Mdai anatakiwa kutia saini, kutaja kazi yake, kuonyesha ilipo nakala anayoilalamikia, kutoa mawasiliano yake, na kusema kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuruhusiwa. Kisha kinakuja kiapo, na hapa ndipo pa kusoma polepole. Anachoapia mdai, akijua anaweza kushtakiwa kwa kiapo cha uongo, ni jambo moja tu: kwamba ana mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya mwenye haki inayodaiwa kukiukwa. Kiapo hakigusi swali la kama kweli kuna ukiukaji. Anaweza kuwa wakala halali wa Warner Bros, akaishtaki tovuti ya Warner Bros, na kiapo chake kikabaki kisafi.

Geukia karatasi ya pili. Anayepinga lazima aape, chini ya adhabu hiyohiyo ya kiapo cha uongo, kwamba anaamini kazi yake imeondolewa kwa makosa au kwa kufananishwa na kitu kingine. Kwa maneno mengine, yeye anaapia kiini cha ugomvi, jambo ambalo mwenzake hakuapia. Lazima aandike jina lake, anwani yake na namba yake ya simu. Lazima akubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani, hata kama hajawahi kukanyaga nchi hiyo. Halafu karatasi hiyo, yenye anwani yake, hupelekwa kwa yuleyule aliyemlalamikia. Kwa mwandishi anayechunguza watu wenye nguvu, au mwanamke anayetumia jina la siri kwa sababu za usalama, kujaza fomu hiyo ni kumkabidhi adui ramani ya nyumbani kwake.

Akishajaza, anasubiri. Jukwaa linarudisha kazi baada ya siku za kazi zisizopungua 10 na zisizozidi 14, isipokuwa kama mdai amekwenda mahakamani. Siku hizo ni chache kwa filamu ya zamani. Kwa jambo la wakati huo ni hukumu kamili. Oktoba 2008, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, kampeni ya John McCain iliiandikia YouTube ikilalamika kwamba matangazo yake yenye vipande vifupi vya taarifa za televisheni yanaondolewa kwa madai ya hakimiliki, na kwamba kusubiri siku 10 hadi 14 wakati wa kampeni ni sawa na kunyamazishwa. YouTube ilijibu kwamba haiwezi kuwapa wanasiasa utaratibu wa peke yao. McCain alikuwa seneta wakati sheria hiyo inapitishwa. Kama mgombea urais mwenye kikosi cha mawakili alikwama, mtu wa kawaida atafanyaje?

Hiyo ndiyo njia ya sheria. Sehemu kubwa ya madai ya leo hata haipiti huko. YouTube ilianza mwaka 2007 kutumia mfumo wake wa ndani uitwao Content ID. Wenye haki wakubwa hupeleka nakala za kazi zao, mfumo unatengeneza alama ya utambuzi ya kila sauti na picha, kisha kila video inayopakiwa inalinganishwa na hazina hiyo. Ikionekana kufanana, mwenye haki anaweza kuizuia, kuiacha huku akifuatilia inavyotazamwa, au kuchukua mapato yake ya matangazo. Wengi huchagua fedha.

Katika ripoti yake ya kwanza ya uwazi kuhusu hakimiliki, iliyotolewa Desemba 2021, YouTube ilisema kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo mfumo huu ulizalisha madai zaidi ya milioni 722. Hiyo ni karibu milioni 4 kwa siku, na takriban yote yalitolewa na mashine bila mtu kutazama. Watumiaji walipinga madai milioni 3.7 hivi, yaani nusu ya asilimia 1. Katika madai yaliyopingwa, asilimia 60 yaliishia kwa ushindi wa aliyepakia video. Kwa hesabu ya haraka ni madai milioni 2.2 yaliyoanguka ndani ya miezi sita, kwenye jukwaa moja tu.

Takwimu hizi husomwa kwa namna mbili. Wenye studio wanashika ile nusu ya asilimia na kusema: asilimia 99.5 ya madai hayakupingwa, kwa hiyo mfumo ni sahihi karibu kabisa. Mimi nashika ile 60. Pale ambapo mtu alijitokeza na kusema hapana, mdai alishindwa mara nyingi zaidi kuliko alivyoshinda. Sidai kwamba asilimia 60 ya madai yote ni batili. Wanaopinga kwa kawaida ni wale wenye uhakika na haki yao. Lakini kuhesabu kila aliyenyamaza kama aliyekubali kosa ni jambo lisilokubalika, hasa ukitazama kinachompata anayefungua mdomo.

Kinachompata ni hiki. Anapopinga dai, pingamizi lake haliendi kwa mwamuzi. Linaenda kwa mdai, ambaye ana siku 30 za kulijibu na anaweza kulikataa mwenyewe. Aliyekataliwa anaweza kukata rufaa, nayo inarudi kwa mdai huyohuyo. Mdai akishikilia msimamo, hatua inayofuata ni notisi rasmi ya kuondoa, ambayo inaipa chaneli onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli na kufuta kila kilichomo. Kwa hiyo mtu mwenye chaneli aliyoijenga kwa miaka anaulizwa: je, video hii moja inastahili kuhatarisha nyingine zote? Wengi wanajibu kama Waswahili walivyojibu tangu zamani, mwenye nguvu mpishe, wanaacha mapato yaende. Kisha kimya chao kinaingizwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba mashine haikukosea.

Mashine inakosea kwa sababu ambazo si za ajabu. Alama ya utambuzi inapima kufanana. Haijui nani alitangulia, nani ana kibali, wala sheria inasema nini kuhusu kunukuu, kukosoa au kufundisha. Agosti 2012 chombo cha Curiosity kilitua kwenye sayari ya Mars, na video iliyowekwa na NASA yenyewe ikaondolewa YouTube kwa muda kutokana na dai la shirika la habari la Scripps. Picha hizo zilipigwa kwa kodi za wananchi wa Marekani, na kwa sheria ya nchi hiyo kazi za serikali kuu hazina hakimiliki. Shirika la habari likichukua picha za bure na kuzitangaza, kisha likasajili matangazo yake yote kama mali yake, mashine itamwona mwenye picha kuwa ndiye mwizi.

Muziki wa kale ndio unaoonyesha udhaifu huu kuliko kitu kingine. Johann Sebastian Bach alifariki mwaka 1750. Nota zake ni mali ya umma, mtu yeyote anaruhusiwa kuzipiga. Septemba 2018 mpiga piano James Rhodes alipakia Facebook video fupi akipiga Bach mwenyewe, kwa vidole vyake. Alizuiwa kwa kuwa sekunde 47 za sauti hiyo zilidaiwa kuwa za Sony Music. Alipinga, pingamizi likakataliwa. Dai lilifutwa baada ya yeye kulalamika hadharani na habari kusambaa. Wapiga piano wawili mahiri wakisoma ukurasa mmoja wa nota watatoa sauti zinazokaribiana mno, kwa sababu ndivyo nota zilivyoandikwa, na mashine haiwezi kutofautisha nakala ya rekodi na utekelezaji mpya wa kazi ileile.

Kinachonisumbua zaidi katika kisa cha Rhodes ni namna kilivyomalizika. Utaratibu rasmi ulimwangusha, umaarufu ukamwokoa. Mwanafunzi wa muziki aliyepiga kipande hichohicho siku hiyohiyo na kupata dai hilohilo hana maelfu ya wafuasi wa kumsemea. Nimesoma malalamiko mengi ya aina hii, na karibu kila yanayoisha vizuri yameisha kwa sababu mtu fulani alijulikana au mwandishi wa habari alipiga simu. Mfumo wa haki unaotegemea kelele umewaacha nje watu wengi kuliko unaowahudumia.

Mahakama zimejaribu kuweka breki. Mwaka 2007 mama mmoja Marekani alipakia video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza jikoni huku wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya muziki ya Universal, iliyosimamia haki za wimbo huo, iliomba iondolewe. Video ilirudi baada ya wiki sita hivi, lakini mama huyo aliamua kushtaki, na kesi ikajulikana kama Lenz dhidi ya Universal. Septemba 2015 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ilitamka kwamba kabla ya kutuma notisi mwenye haki lazima afikirie kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria. Lilikuwa tamko zuri. Kisha mahakama ikaongeza kwamba kinachotakiwa ni imani ya mdai mwenyewe, hata kama imani hiyo haina msingi kwa mtu mwingine yeyote. Anayesema aliamini, na hakuna wa kuthibitisha kwamba hakuamini, amepona. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo, na mwaka 2018 pande mbili zikamalizana. Miaka 11 kwa sekunde 29.

Ni mara chache mtumaji wa notisi ya uongo amelipa. Kesi inayotajwa tangu zamani ni ya Diebold, kampuni iliyotengeneza mashine za kupigia kura. Mwaka 2003 barua pepe zake za ndani zilizozungumzia kasoro za mashine hizo zilivuja, wanafunzi wakazichapisha, na kampuni ikatuma notisi za hakimiliki kuzizima. Mwaka 2004 mahakama iliamua kwamba Diebold ilijua kuwa sehemu ya barua hizo haikulindwa kwa namna iliyodai, na kampuni ikalipa dola 125,000. Tangu hapo mifano ya watumaji waliolipa kwa notisi za uongo ni ya kuhesabu, ukilinganisha na mabilioni ya viungo ambavyo Google peke yake imeombwa iviondoe.

Kesi ya Diebold inatuingiza upande wa pili, ambao kwangu ni mbaya kuliko makosa ya mashine: watu wamegundua kwamba dai la hakimiliki ndiyo njia rahisi ya kufuta ukweli. Anayechafuliwa jina lazima athibitishe mambo mahakamani, na anayedai kuvunjiwa faragha lazima aeleze. Anayedai hakimiliki anajaza fomu.

Mbinu moja inastahili kuelezwa hatua kwa hatua ili wanaoandika wajue wanachokabiliana nacho. Mwandishi anachapisha habari kuhusu mfanyabiashara aliyeshtakiwa kwa udanganyifu. Mtu aliyekodiwa kusafisha jina la mfanyabiashara huyo anafungua blogu ya bure, ananakili habari nzima neno kwa neno, kisha kwenye mipangilio ya blogu anachagua tarehe ya nyuma, tuseme miezi miwili kabla ya habari halisi kutoka. Programu za blogu zinaruhusu hilo bila swali. Halafu anatuma notisi kwa injini ya kutafutia akisema habari yake imeibwa, na anaambatanisha kiungo cha blogu kama ushahidi kwamba alitangulia. Anayekagua, awe mtu mwenye mlima wa notisi mbele yake au programu, anatazama tarehe mbili, anaona ya blogu ni ya zamani, na habari ya kweli inatoweka kwenye matokeo. Haijafutwa kwenye gazeti, lakini anayetafuta jina la mfanyabiashara haioni tena.

Gazeti la Wall Street Journal lilipochunguza mwenendo huu mwaka 2020, Google ilirudisha viungo zaidi ya 52,000 ilivyokiri kuviondoa isivyostahili. Februari 2023 muungano wa wanahabari wa Forbidden Stories ulianika nyaraka za Eliminalia, kampuni ya Uhispania iliyouza huduma ya kusafisha majina, na madai ya uongo ya hakimiliki yalikuwa miongoni mwa zana zake. Novemba mwaka huo Google ilifungua kesi dhidi ya watu wawili iliosema walitumia akaunti za uongo zisizopungua 65 kulenga viungo zaidi ya 117,000, vingi vikiwa vya biashara shindani. Mwaka 2019 YouTube nayo ilimshtaki mtu aliyetuma madai ya uongo dhidi ya wenye chaneli na kuwadai fedha ili ayaondoe. Alikubali kulipa dola 25,000. Na Juni 2021, mjini Oakland, Marekani, askari wa idara ya sherifu aliyekuwa akirekodiwa na waandamanaji aliwasha wimbo wa Taylor Swift kwenye simu yake, akaeleza bila kuficha kwamba anataka video hiyo isiweze kubaki YouTube. Ilibaki, na ilitazamwa sana. Ila askari yule alikuwa ameuelewa mfumo vizuri.

Najua jibu la wenye kazi zao, na si la kupuuzwa. Wizi ni wa kweli. Mpigapicha anayekuta picha yake kwenye tovuti kumi za biashara bila malipo hana fedha za wakili, na notisi ni silaha pekee aliyonayo. Ukifanya notisi kuwa ngumu au ya gharama, unamuumiza yeye kabla ya kuigusa Universal. Nakubali, na ndiyo sababu siungi mkono ada ya kutuma notisi wala fomu ndefu zaidi. Lakini mpigapicha huyo anaijua picha yake. Ametazama kila ukurasa kwa macho kabla ya kulalamika. Ninayetaka abebe mzigo ni yule anayetuma kwa maelfu bila kufungua hata ukurasa mmoja. Watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, na wenzao wa Columbia walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa maombi zaidi ya milioni 108, mengi yakiwa ya mashine. Waliona kwamba katika kila maombi 25, moja lilikuwa limelenga kitu ambacho hata si kazi iliyodaiwa, na karibu asilimia 30 yalikuwa na walakini wa namna moja au nyingine. Mtu anayetazama kwa macho yake hawezi kukosea ukurasa mara moja katika kila mara 25 na akaendelea kuaminiwa. Mashine inafanya hivyo na inaendelea kuaminiwa.

Ulaya wamepiga hatua zinazostahili kuangaliwa. Kifungu cha 17 cha agizo la hakimiliki la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 kiliwatwika wenye majukwaa wajibu mzito wa kuzuia kazi zisizo na kibali, na wengi tulihofu kwamba vichujio vitakula kila kitu. Poland ilikwenda mahakamani kukipinga. Aprili 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikiacha kifungu hicho, ila ikasisitiza kwamba kichujio kisichoweza kutofautisha kazi halali na isiyo halali hakikubaliki. Ujerumani ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2021 inayosema vipande vidogo, kama vile sekunde 15 za sauti au video, au herufi 160 za maandishi, vikichanganywa na kazi nyingine vichukuliwe kuwa vimeruhusiwa hadi malalamiko yasikilizwe. Kazi inabaki hewani wakati watu wanabishana. Badiliko hilo dogo la nani anasubiri lina uzito kuliko kuboresha mashine kwa miaka kumi, kwa sababu sasa ni mdai anayetaka ugomvi uishe haraka.

Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja huo, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, ina kifungu cha 23 kinachowataka wenye majukwaa kusimamisha kwa muda, baada ya onyo, kushughulikia notisi za mtu anayetuma mara kwa mara malalamiko yasiyo na msingi wowote. Kwa miaka zaidi ya 20 mtumiaji aliyekosea mara kadhaa alifungiwa akaunti, na mdai aliyekosea mara elfu aliendelea kuhudumiwa. Marekani hawana kifungu kinacholingana na hicho. Wangeweza kuanza na jambo jepesi zaidi: kusogeza kiapo cha mdai kikafike kwenye dai lenyewe, ili anayesema "hii ni kazi yangu imeibwa" awe ameapia maneno hayo, sawasawa na anayemjibu.

Na kuna jambo ambalo halihitaji bunge. Kila nilichokieleza kuhusu Microsoft, Warner Bros na tarehe za nyuma kilijulikana kwa sababu Google hupeleka nakala za notisi inazopokea kwenye hifadhi ya wazi ya Lumen, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la Chilling Effects na inayotunzwa katika chuo kikuu cha Harvard. Waandishi na watafiti huingia humo, hulinganisha majina, huona mtumaji yuleyule akijitokeza kwa kampuni tano tofauti. Majukwaa mengi yanayopokea notisi kila siku hayapeleki chochote huko. Dai la Content ID halipelekwi pia, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria si notisi, ingawa kwa aliyenyang'anywa mapato yake linauma vilevile. Kila jukwaa lichapishe notisi zake, likificha anwani na simu za watu binafsi, na lichapishe pia ni madai mangapi ya kila kampuni yalianguka yalipopingwa, kampuni kwa kampuni, kwa jina. YouTube inazo takwimu hizo tayari. Isingeweza kutoa ile asilimia 60 bila kuwa nazo.